Maua Yaliyogoma Chini ya Taa

Asubuhi ile Sukhraji aliyakagua maua yake mche mmoja baada ya mwingine, akafika mwisho wa tuta, akageuka akaanza upya kutokea huko. Hakuona tumba hata moja.

Si kwamba miche ilikuwa dhaifu. Ilikuwa imenona hasa, imemfika kiunoni, majani mabichi yanang'aa na mabua yamekaza. Lakini yalikuwa majani matupu. Genda ni ua la rangi ya chungwa, lile linalotungwa makoja ya miungu na ya maharusi, na tangu Sukhraji aolewe kwenye mtaa huu wa wakulima wa miwa, nje kidogo ya mji wa Labasa, miaka arobaini na mitatu sasa, hajawahi kuona genda la wiki saba likisimama bila tumba. Hata wavivu wa mtaani, wanaotupa mbegu na kwenda kulala, huchanuliwa.

Kilichomtia hofu zaidi ni petunia. Hizo alizipanda kwa kujifurahisha tu, kwenye makopo ya biskuti kando ya ngazi, na hakumwahidi mtu yeyote petunia. Nazo zilikuwa zimechanua bila haya, nyeupe na zambarau, mpaka zinamwagika nje ya makopo. Udongo ni ule ule, maji ni yale yale, mkono ni mmoja. Yasiyoahidiwa yamechanua, yaliyoahidiwa yamegoma. Sukhraji alidhani anajua maana yake, akakaa kwenye ngazi.

Ahadi yenyewe aliitoa mwezi wa saba. Mjukuu wake Shayal, mwenye miaka saba, alizaliwa na tundu kwenye moyo. Akikimbia kutoka jikoni hadi barabarani, midomo inageuka rangi na inabidi achuchumae kutafuta pumzi. Mara moja kwa mwaka madaktari wa nchi za nje huja Suva, mji mkuu, kupasua watoto wa aina yake, na mwaka huu jina lake liliingia kwenye orodha, tarehe ishirini na saba Oktoba. Siku ile habari ilipofika, Sukhraji alisimama mbele ya picha ya Mama Durga, mungu wake wa kike, pembeni mwa sebule, akajifunika kichwa kwa upindo wa sari, akasema kwa sauti kwamba asubuhi ya upasuaji atamvika koja la maua mia na nane ya genda. Si ya sokoni, si ya kuomba kwa jirani. Ni ya kuotesha mwenyewe, uwanjani kwake, kwa mkono wake. Hakuna aliyemtuma kusema hivyo. Alijifunga mwenyewe, na sasa ilikuwa tarehe kumi na mbili Septemba, na Mama Durga alionekana kuukataa mkono wake.

Na akiukataa, mtoto je? Hapo ndipo akili yake ilipokuwa ikifika kila siku na kukwama.

Aliinuka akazunguka nyuma ya nyumba kumwaga maji ya vyombo. Huko, nyuma ya tangi kubwa la maji ya mvua, alikuwa amechomeka miche minne iliyobaki, kwa kuona uchungu tu wa kuitupa. Aliinama, akaona, akaangusha beseni. Miche yote minne ilikuwa na matumba.

"Mama Praneel! Siku hizi unanyemelea nyuma ya tangi? Una bwana huko?"

Alikuwa Ulamila, Mfiji asilia wa kijiji cha ng'ambo ya mto, rafiki yake tangu wote wawili wana meno yote. Ulamila alifanya kazi kwenye kitalu cha maua cha mji, akiotesha miche ya kupanda kwenye mizunguko ya barabara, na kila Jumamosi alileta mihogo ya kuchemsha akaondoka na chupa ya achari.

"Bwana wangu ni majivu, mpumbavu wewe," Sukhraji alisema. "Njoo uone. Njoo uniambie nimekosa nini."

Ulamila alikuja, akatua kikapu, akachuchumaa. Aliangalia miche minne. Aliangalia tangi. Kisha akatoka hadi mbele, akasimama kati ya tuta la genda na makopo ya petunia, akainua uso taratibu mpaka juu ya nguzo ya chuma iliyosimama katikati ya uwanja.

"Ile taa inawaka mpaka saa ngapi?"

"Mpaka asubuhi."

"Kila siku?"

"Kila siku. Praneel ameniapisha."

Ilikuwa hivyo. Mwezi wa saba, watu waliovaa soksi usoni waliingia nyumba tatu mtaani. Kwa mzee Munsami walimpiga kwa ubapa wa panga mpaka mkono ukavunjika, na alikuwa ameshawaonyesha kila kitu. Kwa hiyo Praneel, kabla ya kupanda meli ya Suva mwezi wa nane, na mkewe na mtoto wa kufanyiwa vipimo, alisimamisha nguzo, akafunga taa kubwa ya kumulika, na swichi yake akaivuta mpaka ukutani kando ya kitanda cha mama yake.

"Jua likizama unawasha, likichomoza unazima," alimwambia. "Umenisikia, Mama?"

"Mtu atalalaje na jua dirishani?"

"Utalala vizuri kuliko Munsami."

Ulamila sasa alikuwa akicheka, tena kicheko cha kujipiga mapaja. Alipoona uso wa mwenzake aliacha.

"Sikiliza, dada. Genda linahesabu giza. Usiku ukiwa mrefu linajua wakati wa kuchanua umefika. Wewe unalimulika usiku kucha, lenyewe linadhani mchana haujaisha, linaendelea kula na kunenepa. Petunia ni kinyume chake, yeye mchana mrefu ndio anaoutaka, ndiyo maana anakufanyia sherehe pale kwenye ngazi. Hii minne imekingwa na kivuli cha tangi. Hujakosa kitu."

"Kwa hiyo si Mama Durga?"

"Mama Durga simjui, mimi Mmethodisti. Mimi najua taa. Mwaka juzi tulizungushia genda mzunguko mzima pale mjini. Upande wa taa ya barabarani majani, upande wa pili maua. Bosi akatugombeza, eti tumechanganya mbegu mbili! Mbegu ilikuwa moja."

Sukhraji alilia, na kulia kule kulikuwa kwa furaha. Furaha yenyewe haikumaliza dakika mbili.

"Nikizima leo?"

"Wiki mbili matumba, wiki sita maua. Kama mvua haitakuonea."

Alihesabu kwa vidole. Mpaka tarehe ishirini na saba Oktoba kulikuwa na wiki sita na siku tatu.

"Lakini usizime nusunusu," Ulamila aliendelea. "Ukiwasha hata saa moja katikati ya usiku umeharibu. Giza likikatwa katikati, kwa genda ni kama hakukuwa na usiku."

"Hata siku moja tu?"

"Siku moja sijui. Kwa koja la mtoto, mimi nisingejaribu."

Mchana ule walijaribu njia nyingine. Walifunika tuta kwa magunia na turubai juu ya fito, lakini upepo wa kusini-mashariki ulikuja saa kumi ukabeba turubai moja mpaka kwenye miwa, na fito zikavunja miche mitatu. Kumwita mtu apande nguzo aigeuze taa? Huyo mtu angeuliza kwa nini, na kesho yake mtaa mzima ungejua, pamoja na wale wa soksi. Ulamila mwenyewe hangeweza kuja kulala, mumewe alikuwa amepooza upande mmoja na hageuzwi kitandani ila na yeye. Ilibaki swichi.

Jambo moja Sukhraji hakumwambia Ulamila, nalo lilikuwa zito kuliko soksi za wezi. Siku ya safari basi liliondoka kabla ya kucha, na Shayal alipiga magoti kwenye kiti cha nyuma akiitazama taa ya nyumbani mpaka kona ya kilima ilipoificha. Shayal alikuwa mtoto wa kuogopa giza, halali bila mwanga. Tangu afike Suva alimpigia simu kila jioni bibi yake, ambaye alimwita Aji, na hakuwa na salamu nyingine.

"Aji, taa inawaka?"

"Inawaka."

"Basi sawa."

Mama yake alisema mtoto amewaambia mpaka wauguzi: kwa Aji kuna taa, na ikiwa inawaka yeye haogopi, hata sindano haogopi. Ndivyo alivyojipangia kichwani, na nani atamwambia mtoto wa moyo kwamba amekosea?

Jioni ile simu ililia saa kumi na mbili na nusu. Sukhraji alikuwa amekaa kitandani, kidole kiko juu ya swichi, chumba kimeshaingia giza.

"Aji, taa inawaka?"

"Inawaka, mjukuu wangu."

"Basi sawa."

Aliiweka simu chini, na mkono wake mwingine akaukalia, kama mtu anayemzuia mtoto asishike jiko.

Msimcheke. Ni rahisi kucheka ukiwa na mtu chumba cha pili. Sukhraji alikuwa na miaka sitini na mbili, na hajawahi kulala nyumba peke yake ila tangu mwezi wa nane, na hata hapo alilala na taa ya uwanja ikimulika mpaka ndani ya chandarua. Sasa alijua giza la miwa lilivyo. Miwa haikai kimya, inasuguana usiku kucha, na mtu anayepita katikati yake anatoa sauti ile ile. Bati la tangi linapopoa linalia kama kuna aliyelikanyaga. Mbwa wa Munsami akibweka unaogopa, akinyamaza unaogopa zaidi. Kufikia saa moja kasorobo milango ilikuwa imeshafungwa kwa komeo na kwa meza, ndoo iko ndani, panga la miwa liko chini ya mto. Alilala amekaa. Asubuhi mdomo ulikuwa mkavu na shingo haigeuki, naye akatoka moja kwa moja mpaka kwenye tuta, kana kwamba usiku mmoja ungetosha.

Siku ya nne wezi waliingia kwa mwalimu, nyumba ya pili kutoka kwake. Walichukua redio, jenereta na pete ya ndoa ya mkewe kidoleni. Habari ilifika Suva kabla ya chakula cha mchana.

"Mama, unawasha taa?" Praneel aliuliza.

"Nawasha."

"Wewe na mimi hatutaniani, Mama. Ni usiku kucha?"

"Nimekwambia nawasha! Mlishe mtoto, acha kunihoji kama polisi."

Alikuwa hajawahi kumdanganya mwanawe jambo lenye uzito, na ilimshangaza ulimi ulivyokuwa mwepesi. Kila jioni akawadanganya wawili, mkubwa na mdogo. Wa kumdanganya Mama Durga hakuthubutu. Alimwambia kila asubuhi, "Unaona mwenyewe ninavyokaa."

Usiku wa kumi na saba kulikuwa na manyunyu. Mchana wake alikuwa amepapasa vilele vya miche kwa ncha za vidole, akahisi kitu kigumu, kidogo kama punje ya mtama, lakini macho yake hayakuweza kukithibitisha. Saa nane na nusu usiku mbwa wa Munsami alibweka mara tatu, akakata.

Kisha changarawe za njia ya kuingilia zikalia. Ilikuwa hatua ya mtu, ikasimama, ikafuatwa na nyingine.

Sukhraji alinyoosha mkono akaishika swichi. Kubonyeza tu. Uwanja mzima ungekuwa mchana, wezi wangekimbia au wasingekimbia, lakini angalau angeona. Akawaza zile punje kwenye vilele. Siku moja sijui, alisema Ulamila. Akamwona Shayal amechuchumaa barabarani, midomo imegeuka rangi, anatafuta pumzi. Kidole kilikuwa juu ya swichi, na jasho lilikuwa limekilowesha, na hakukibonyeza.

Kitasa cha mlango wa mbele kiligeuzwa taratibu. Komeo likalegea, meza ikasogea kidogo.

Alitaka kupiga kelele, lakini apige kumwita nani? Munsami na mkono wake wa plasta? Kisha mdomo ukafunguka wenyewe, na kilichotoka kilimshtua yeye kuliko mtu mwingine yeyote.

"Hardeo!"

Wanawake wa rika lake hawataji majina ya waume zao. Miaka thelathini na minane ya ndoa alimwita "wewe," akawaambia watu "baba Praneel," na hata siku ya kuandikisha kifo chake, karani alipouliza jina la marehemu, Sukhraji alimsukuma Praneel mbele alitaje yeye. Jina lile halikuwahi kupita mdomoni mwake akiwa hai wala akiwa maiti. Sasa lilitoka kama limekuwa likingoja mlangoni.

"Hardeo! Inuka! Wamekuja. Chukua panga, liko upande wako. Hardeo, unasikia? Inuka!"

Meza haikusogea tena.

"Ulisema yuko peke yake," sauti moja ilinong'ona.

"Yuko peke yake."

"Sasa anamwamsha nani?"

"Hardeo ni mumewe. Alikufa." Sauti ya pili ilikuwa imekauka. "Mimi nilikuwa kati ya waliombeba."

"Ndiye huyo," Sukhraji alisema gizani, sasa hakuwa akipiga kelele, alikuwa akiongea kama mtu anayeongea na aliyekaa kando yake. "Ndio hao, Hardeo. Mlango wa mbele. Nenda."

Hakuna mtu aliyejibu. Chaga za kitanda zililia, labda ni yeye aliyejigeuza. Lakini walioko nje nao walizisikia, maana changarawe zilirushwa hovyo, mtu mmoja akaanguka, akaita jina la mungu Rama, na miwa ikavunjikavunjika mpaka mtoni. Sukhraji alibaki ameshika swichi mpaka alfajiri. Vidole vilikuwa vimekakamaa, ikabidi avifungue kimoja kimoja kwa mkono wa pili.

Kulipokucha aliona nyayo. Walikuwa wamekata pembe ya tuta, wakalaza miche miwili. Alipiga magoti kuiinua, na mwanga wa asubuhi ukaangukia vilele, na hapo hakuhitaji kupapasa. Matumba yalikuwapo, ya kijani, yamejifunga, kwenye kila mche.

Ulamila alipopata habari hakucheka.

"Mungu wangu! Na ungeuawa?"

"Ningeuawa."

"Kwa sababu ya maua?"

"Ula, usiniulize tena."

Wezi hawakurudi kwake. Lakini usidhani hofu iliondoka. Ilibadilisha mahali tu. Mumewe alibebwa na watu wanane, na wote wanane aliwajua kwa majina, aliwapikia. Kila alipokwenda dukani sasa aliangalia midomo ya wanaume wakisema "Ram Ram, Mama, umeamkaje," akijiuliza ni mdomo upi ule uliokuwa nyuma ya soksi. Mmoja wao alimbebea mfuko wa mchele mpaka getini. Alimshukuru, akaingia, akafunga komeo saa nane mchana.

Matumba yalifura. Wiki ya tano yakaonyesha rangi kwenye ncha. Petunia, ambazo taa iliziacha, zilianza kuchoka na kuangusha maua, naye hakuzihurumia.

Tarehe ishirini na sita jioni simu ililia mapema, kabla ya jua kuzama. Shayal hakuuliza swali lake. Alipumua tu kwenye simu, pumzi zake fupi fupi.

"Aji, ni kesho."

"Najua, mjukuu wangu."

"Watanilaza. Daktari amesema sitaona kitu, kutakuwa giza tu. Mimi sitaki giza. Aji, taa itawaka? Usiku kucha na kesho pia, mpaka waniamshe?"

Neno lilikuwa tayari ulimini. Alikuwa amelisema mara arobaini na nne, na la arobaini na tano lisingemgharimu kitu. Sukhraji aliangalia dirishani. Tuta lote lilikuwa limewaka rangi ya chungwa, na juu yake taa imesimama kwenye nguzo, kioo chake kimejaa vumbi. Akafikiri: mtoto atakwenda kulala juu ya uongo wangu. Hofu aliyoisikia hapo haikuwa ndogo kuliko ile ya kitasa.

"Shayal, haiwaki."

Aliendelea kabla mtoto hajauliza.

"Nimeizima siku nyingi. Maua yako yalikuwa hayachanui ikiwaka, yanataka giza. Kwa hiyo niliizima, nikakudanganya. Nisamehe."

Aliibana simu karibu zaidi na sikio.

"Kila siku umezima?"

"Kila siku."

"Ukakaa peke yako? Gizani?"

"Peke yangu."

"Uliogopa?"

"Niliogopa sana. Nililia. Kuna siku nilimwita babu yako."

"Halafu ikawaje?"

"Halafu kukacha."

Shayal alifikiri. Sukhraji alimsikia akifikiri, kama alivyokuwa akimsikia akifikiri juu ya hesabu za shule, ulimi nje.

"Kila siku kulikucha?"

"Kila siku."

"Mm," mtoto alisema, na hakusema "basi sawa." Simu ilichukuliwa na Praneel, ambaye alikuwa amesikia yote, na sauti yake ilitoka kama inapita kwenye tundu la sindano. "Mama, umefanya nini? Usiku wa leo, Mama? Umemwambia usiku wa leo?" Sukhraji akakata simu.

Alichuma kabla ya jua kutoka, umande ungali kwenye petali, akatunga sakafuni mbele ya Mama Durga kwa sindano na uzi mwekundu. Mengine yalikuwa madogo, mengine hayajafunguka sawasawa, lakini yalifika mia na nane na manne yakabaki. Saa mbili kamili, saa aliyoambiwa kwamba wataanza, alilivika koja kwenye picha. Kisha hakukuwa na la kufanya tena, na hapo ndipo mambo yakawa mabaya. Saa tatu. Saa tano. Alikuwa amempokonya mtoto kitu pekee alichokuwa amekishika, tena siku ya mwisho, kwa sababu mzee mzima hakuweza kubeba uongo mmoja zaidi. Saa saba. Ulamila alikuja akakaa naye. Saa tisa kasoro kumi simu ililia, na upande wa pili alisikia tu mwanamume akivuta pumzi.

"Praneel? Sema. Sema, mwanangu, sema lolote!"

"Ametoka," Praneel alisema huku akilia. "Ametoka, Mama. Unapiga. Wameuziba na unapiga."

Sukhraji alimpa Ulamila simu akalala kifudifudi sakafuni.

Shayal mwenyewe alipiga kesho yake jioni. Sauti ilikuwa imekwaruzwa na mipira waliyompitisha kooni, na alikuwa na hasira kwa sababu amenyimwa soda.

"Aji, waliniambia nihesabu mpaka kumi."

"Ukahesabu?"

"Nilifika sita. Halafu kukacha."

Sukhraji aliuma upindo wa sari. "Hukuogopa?"

"Sikupata nafasi." Akakohoa, akalalamika kwamba inauma, akarudi. "Wewe ulikaa siku ngapi?"

"Arobaini na tano, mpaka siku ya kuchuma."

"Arobaini na tano," mtoto alirudia, na ilisikika wazi kwamba anazipima na ile sita yake. "Basi wewe ndiye uliyeogopa zaidi, Aji."

"Mimi ndiye."

"Maua si yameshachanua?"

"Yamechanua."

"Basi washa taa," Shayal alisema. "Washa sasa, ulale."

Nje jua lilikuwa limekwisha kuzama, na miwa ilikuwa imeanza kusuguana. Sukhraji alinyoosha mkono ukutani akabonyeza swichi.